Maziwa ya Bi Mwajuma

Jumatatu, 3 Julai. Ujiji
Nimefua, nimeanika, nimechemsha chai. Hata ugenini asubuhi zangu ni zilezile. Mume wangu yuko nje anakagua gari aliloazimwa na binamu yake. Kwetu Kindu, ng'ambo ya ziwa, tunaendesha kulia, huku kushoto. Jana nusura atuue mbele ya soko, kisha akamlaumu mwenye lori. Miaka yote ile akiendesha treni hakuwahi kuchagua upande.

Majirani wa Kindu wanajua tumekuja Tanzania kutembea, tuione miji ya kale. Ni kweli, lakini nusu tu. Nusu nyingine ni harusi ya binti yetu.

Wakati wa vita nilikimbia na Zuhura mgongoni, mchanga kabisa. Nilipofika hapa maziwa yalikuwa yamekauka. Bi Mwajuma, mama wa mtaa huu, alikuwa ananyonyesha wake. Akamchukua na wangu, hata jina hakuniuliza. Alimnyonyesha miezi kadhaa, hadi tulipopelekwa kambini. Mtoto wangu anaishi kwa sababu ya mwanamke huyo.

Sasa Zuhura amechumbiwa na Ramazani, kijana wa Lokandu. Nampenda. Juzijuzi shangazi yake akatuambia kwamba kijana naye alikimbizwa Ujiji akiwa mchanga, baada yetu. Mama yake, marehemu sasa, alikuwa mgonjwa, na mwanamke wa mtaani akamnyonyesha mtoto. Mwanamke gani? Shangazi hajui. Shehe akasema walionyonya titi moja ni ndugu, hawaoani. Mtafuteni mnyonyeshaji, mumuulize.

Jumanne, 4 Julai. Ujiji
Nyumba imeuzwa. Bi Mwajuma yuko Tabora kwa mwanawe, wanasema majirani. Angalau yu hai. Alhamdulillahi.

Zuhura hakula. Baba yake akatuburuta makumbusho, akasoma kila kibao kwa sauti kama mwalimu. Misafara, pembe za ndovu, watumwa. Wengi walitoka kwetu Maniema. Watu wetu walipita hapa na minyororo shingoni. Mimi nilipita nikapewa uji na mkeka. Nililia mbele ya wageni, sikujali.

Alhamisi, 6 Julai. Tabora
Lami mwendo mrefu. Kwetu, ukienda Kibombo kwa pikipiki, mgongo unauma wiki nzima. Huku nilisinzia. Askari alitusimamisha, akatazama karatasi, akatutakia safari njema bila kuomba chochote. Basi. Nusura nimkumbatie.

Mwana wa Bi Mwajuma ndiye aliyegawana maziwa na Zuhura. Ni fundi seremala, mnene, mcheshi. Alipojua sisi ni nani, alimwita Zuhura dada papo hapo, akatupikia wali kwa kuku. Mama yake amehamia Bagamoyo kwa binti yake. Habari za Ramazani hana, naye alikuwa mtoto tu. Alitaka kumpigia mama yake simu. Nikakataa. Jambo kama hili haliulizwi kwa simu. Tena sijamshukuru bado, na hilo nataka kulifanya uso kwa uso.

Garini Zuhura akaniuliza: "Mama, na kama njo yeye alimunyonyesha Ramazani?" Nilijikuta nayachukia maziwa yale. Kisha nikaona aibu.

Ijumaa, 7 Julai. Dodoma
Vumbi, zabibu, upepo. Ramazani alipiga simu. Zuhura alitoka nje kuongea, akarudi anacheka. Sikuweza kumtazama.

Jumapili, 9 Julai. Bagamoyo
Tumempata.

Amezeeka, macho hayaoni vizuri. Nilitaja jina langu, akanyanyuka kwenye kiti bila fimbo. Akampapasa Zuhura uso, masikio, mabega. Nikampa liputa nililomnunulia Kindu, kitambaa kizito, rangi ya manjano. Maneno ya shukrani niliyoyapanga tangu Kigoma yaliniishia. Nilimshika miguu tu.

Hatukuwa tumeuliza bado. Yeye ndiye aliyeanza. "Na mwenzake je? Ramazani wa Mama Salima, wa Lokandu? Alikuja nyinyi mmeshaondoka. Nilimnyonyesha mpaka akaota meno, akaning'ata, mtundu yule! Nawaombea wote wawili kila siku. Wanajuana?"

Alikuwa anacheka. Anapiga makofi kwa furaha. Mume wangu aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa kama nimepigwa.

Zuhura akamshika mkono.

"Tunajuana, mama. Iko muzima. Njo kaka yangu."

Jumatatu, 10 Julai. Bagamoyo
Asubuhi Zuhura alimpigia Ramazani mwenyewe. Alienda mbali, nyuma ya nyumba. Walilia wote wawili, ameniambia. Zaidi ya hapo sikumwuliza. Harusi haipo.

Nilitaka kumweleza Bi Mwajuma kwa nini tulikuja. Zuhura amekataa katakata. Aendelee kufurahi, anasema. Ana haki hiyo.

Moyo unaniuma kwa ajili ya mwanangu. Na nashukuru. Bila maziwa yale nisingekuwa na bibi harusi wa kumlilia, ningekuwa na kaburi Ujiji. Vyote viwili viko ndani yangu leo na havigombani.

Baada ya chakula cha mchana Zuhura alikwenda kujilaza kwenye kitanda cha Bi Mwajuma. Bi Mwajuma amekaa pembeni yake na upepeo. Mume wangu alipoanza kuongea, bibi huyo akatuashiria tunyamaze. Mtoto amelala.