Kwa Mama Rangi, Ambaye Hakuachwa Ajibu Mwenyewe

Mwaka umetimia, dada, tangu uteremke kwenye ngazi na brashi mkononi, ukasema, "Ngoja nikae kidogo," usiinuke tena. Ulikuwa na miaka arobaini na saba. Sebule ya mwalimu, mteja wako wa mwisho, ilibaki imepakwa nusu.

Mtaa mzima ulikuita Mama Rangi. Kila rangi uliijaribu kwanza mkononi mwako, ukarudi nyumbani na madoadoa hadi kwenye viwiko. Mteja akiomba nyeupe isiyo nyeupe sana, ulimuuliza kama na chai anakunywa isiyo chai sana. Chumba cha mgonjwa ulikipaka bure, tena ukimwimbia vibaya mpaka acheke.

Tungependa kuishia hapo. Hatuwezi, tuna hasira.

Miezi miwili kabla ulianza kuchoka kupita kiasi. Taya likauma, mgongo ukauma, ngazi ikawa inakutoa jasho la baridi. Ukaenda zahanati, mama mkubwa akang'ang'ania kukusindikiza. Daktari akauliza kama kwenu kuna mwanamke aliyewahi kuugua moyo. Hujafungua mdomo, mama mkubwa akadakia: "Kwetu hakuna." Daktari akaandika hivyo hivyo, akakupa dawa ya kuchua, akaita mwingine. Hata kukupima moyo hakukupima. Daktari naye atusome hapa: aliyekuwa mgonjwa ni dada yetu, ndiye wa kuulizwa.

Na wewe, mama mkubwa, usijifanye huoni. Mama yetu, mdogo wako wa tumbo moja, alikufa kwa moyo akiwa na hamsini na mmoja. Ukatangaza vidonda vya tumbo, eti sisi mabinti tusikose wachumba. Tukaamini, na dada akaamini. Wiki mbili baada ya mazishi ya dada tukafungua mkoba wako kutafuta funguo, tukakuta vidonge vya moyo, ndipo ukakiri na ya mama. Miaka sita umevimeza mbele yetu ukiviita vitamini. Yaani wewe ulipimwa, ukatibiwa, ukanyamaza. Huna haya.

Dada, mwezi uliopita binti yako alikwenda kupimwa. Mama mkubwa alimfuata hadi kwenye benchi la mapokezi, akimnong'oneza asijiharibie, kwani posa imeshaletwa. Nesi akauliza swali lile lile. Binti yako akajibu, benchi zima likasikia:

"Bibi mzaa mama, mama yangu, na huyu bibi aliyekaa hapa."

Nesi akaandika wote watatu. Presha imekutwa juu, mafuta kwenye damu nayo juu. Ameanza dawa, na atarudi kila baada ya miezi mitatu. Mchumba hakukimbia, ndiye aliyempeleka.

Wanaokukumbuka ni mumeo, fundi baiskeli, ambaye hajakubali sebule yenu ipakwe na mtu mwingine, binti yako, na mimi mdogo wako, ninayepimwa Jumatatu. Mama mkubwa aliomba naye atajwe hapa. Tumekataa.

Hatutakusahau, dada, siku zote za maisha yetu, na tunakusudia ziwe nyingi.