Ndege wa Zaitun

Jumatatu, 6 Oktoba

Nyuzi tena. Nimekata nyuzi za wenzangu, nimepiga pasi, nimefagia vipande chini ya cherehani. Kanuni ya kikundi chetu: shuka ni ya mmoja, mikono ni ya wote. Zamu hii shuka ni yangu. Mikono, eti, isiwe yangu.

Mama Agnes, mwenyekiti wetu na mwalimu wetu wa kudarizi, amesema nitashona maua ya pembeni tu. Ndege wawili watashonwa na yeye na Candiru. "Wewe mukono yako iko nzito," akasema mbele ya wote. "Ndege haitaki mukono nzito." Wakacheka. Candiru, rafiki yangu, naye akacheka. Nimekasirika mpaka nikajichoma na pasi.

Shuka ni ya Zaitun, mdogo wangu. Anaolewa Koboko Jumamosi ya wiki ijayo. Mama angekuwa hai angemshonea mwenyewe. Hayupo, na mkubwa ni mimi. Ndiyo maana nilijiunga na hawa wanawake wa Arua. Sikufuata ufagio.

Alhamisi, 9 Oktoba

Maua. Kitambaa ni vipande viwili virefu, vitaunganishwa katikati mwishoni. Kipande cha kushoto, maua kwenye ukingo wa kushoto. Cha kulia, kwenye ukingo wa kulia. Katikati ya kila kipande imeachwa nafasi ya ndege mmoja.

Unaondoa mguu wa cherehani, unashusha meno yanayosukuma kitambaa, unabana kitambaa kwenye duara la mbao, kisha mikono yako ndiyo inayoongoza. Ukizubaa sindano inakatika. Yangu imekatika. Uzi wetu ni mnene, haupiti kwenye tundu la sindano, kwa hiyo tunauweka kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na kushona kitambaa kikiwa kimegeuzwa, upande wa ndani ukiwa juu. Uzuri unatokea chini. Huuoni mpaka umalize.

Napenda kazi hii kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya. Hilo ndilo linaloniudhi. Napenda, na sipewi.

Maua yangu ya kwanza yamekuwa kama vitunguu. Ya mwisho ni maua.

Jumanne, 14 Oktoba

Mama Agnes amemaliza ndege wake. Candiru amemaliza wake, alimshona kwao Ajia kwa cherehani ya shangazi yake. Ndege wazuri. Manyoya yamelala vizuri, macho yanang'aa. Nimewachukia wote wawili.

Kuunganisha wameniachia mimi. Mshono ulionyooka. Kazi ya mtoto.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeunganisha. Nikatandaza shuka juu ya meza. Ndege wamepeana mgongo.

Nilisimama pale kama mjinga. Nikageuza shuka, nikaigeuza tena. Mgongo kwa mgongo. Mama Agnes aliwachora kwa penseli upande wa ndani, upande tunaoshonea, akasahau kwamba mchoro lazima uchorwe kinyume. Yeye! Anayetukumbusha kila siku. Maua hayajali, ukiyageuza ni yale yale. Ndege ana kichwa. Na kwa kuwa kila mmoja alishonwa peke yake, hakuna aliyeona.

Kwetu Koboko shuka za bibi harusi hutundikwa kwenye kamba uani, na shangazi za bwana harusi huja kuzikagua moja moja. Ndege hutazamana. Hawa wakionekana hivi, watasema tumemfungia Zaitun ugomvi ndani ya sanduku lake, na neno hilo litamfuata mpaka azeeke.

Mama Agnes alitazama, akavuta midomo. "Iko muzuri tu. Nani ataangalia kichwa?" Nilipomwambia mchoro ni wake, akasema mimi ndiye niliyeunganisha vibaya. Mimi, ambaye sikugusa penseli wala ndege. Nikamwita mwongo. Nimeondoka na shuka bila kuaga. Sijuti hata kidogo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kufumua ndege haiwezekani. Nilijaribu jicho moja tu, sindano imeacha matundu kama ya nondo. Nimelia kwa hasira.

Mchana Candiru akaja. Nilitaka kumfungia mlango. Anasema yeye alifuata mistari tu. Nikamwambia kufuata mistari bila kutumia akili hata ng'ombe wa kulima anaweza. Akakaa.

Nikachukua wembe, nikafumua mshono wa katikati mbele yake. Nilitaka kila mtu arudishiwe ndege wake: huyu wa kwako, huyu mpelekee mwalimu wako. Nikavirusha vipande kitandani. Cha kulia kikaangukia kushoto. Candiru ndiye aliyeona kwanza. Akashika mdomo.

Wanatazamana.

Lakini sasa kingo za nje zimehamia ndani. Maua yangu, mistari miwili, yamesimama katikati ya shuka kati ya ndege na ndege, na yale ya vitunguu yako juu kabisa, mahali pa kichwa. Pembeni hakuna kitu. Hakuna njia nyingine. Tumekwenda kwa jirani mwenye cherehani, nimeunganisha upya, nimepinda kingo. Candiru alishika kitambaa kisivutike. Bado sijamsamehe.

Jumamosi, 18 Oktoba

Koboko. Shuka zikatundikwa. Shangazi mkubwa wa bwana harusi alifika kwenye yetu, akasimama. Akapitisha kidole kwenye maua. Akauliza kwa nini yako katikati.

Kabla sijafungua mdomo, Mama Agnes, mgeni wetu mwalikwa, amekula pilau yetu, akajibu: "Hiyo iko mtindo yetu ya Arua." Vigelegele! Nilitaka kummwagia chai. Zaitun alikuwa dirishani akinitazama, hina mikononi, uso umemkauka kwa woga. Nikanyamaza. Kwa ajili yake tu.

Baadaye nilimkuta Mama Agnes kwenye masufuria. Nikamwambia ndege wa shuka inayofuata nashona mimi. Akasema tutaona. Nikamwambia hakuna cha kuona, nimeshasema. Sauti yangu ilisikika mpaka nje. Isikike.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Kikundini nimekaa kwenye cherehani, nimeshona mkia na nusu ya bawa. Mama Agnes alipita nyuma yangu, akatazama, akaendelea. Candiru alikata nyuzi.

Jioni Zaitun akapiga simu. Nyumba ni nzuri, anasema, na mume ni mpole. Mama mkwe ameagiza shuka ile itandikwe, si ya kuwekwa sandukuni. Ila yale maua ya katikati yana uzi mgumu, yanamkwaruza shavu akilala. Nikamwambia aigeuze, upande wa ndani ni laini.

Akasema hapana, atazoea.