Zulia la Mama Limerudi

Unyambwa, Singida
Machi 1994

Mdogo wangu Kitwana,

Sisi wazima, na vitunguu vimestawi. Zulia la mama la kuswalia, lile la Nepali la sufu lililofungwa fundo kwa fundo kwa mkono, limerudi kutoka kwenye kampuni yako ya usafi huko Manyoni. Miaka yote mama alilikung'uta vumbi, akalifuta kwa maji baridi na kulianika kivulini. Wewe umelichemsha kwa mashine ya Dubai, kwa kuwa siku hizi za soko huria kila kinachotoka nje unakiamini kuliko mama yako. Rangi nyekundu imevujia maua meupe.

Mama kaniambia, “Nasma, punguza ukali. Mwandikie mdogo wako limependeza.”

Basi, limependeza. Yeye sasa anaswalia mkeka.

Dada yako,
Nasma