Andika Kwamba Eldoret Imeshinda

Eldoret, 18 Agosti 2024

Kwako Namalwa,

Habari za huko Nakuru? Natumai wewe na watoto mko wazima. Sisi huku tuko salama, na Mama anakula vizuri. Lakini daktari amesema lile tulilokuwa tunaogopa: presha ya macho imeyaharibu yote mawili, na hakuna upasuaji utakaoyarudisha. Anatofautisha mwanga na giza tu.

Alhamisi mji wetu ulifanywa jiji. Nilimfungulia Mama dirisha asikie ngoma na honi za magari. Nikamwambia, sasa hata mimi nina jiji. Yeye aliuliza tu kama huko kwenu Bondeni kumenyesha.

Najua tulisema Mama atarudi huko kwako Septemba. Mimi sioni haraka. Hapa hewa ni safi na hospitali iko karibu. Huko kwenu ni vumbi na nyumba za kanjo, za baraza la mji, zenye milango iliyooza. Na uache kupiga simu, sitashika. Wewe ukipiga simu ni kelele tu. Ukiwa na neno, andika, mpe Kiptum, dereva wa shuttle ya kuja huku, ataniletea.

Dada yako,
Edinah


Nakuru, 27 Agosti 2024

Dada Edinah,

Pokea salamu zangu na za watoto. Sisi hatujambo, ni mafua tu ya baridi. Nimelia sana kwa sababu ya macho ya Mama. Mwambie hivyo.

Hongera kwa jiji lenu. Sisi tuliitwa jiji karibu miaka mitatu kabla yenu, na watu walipohesabiwa mara ya mwisho tuliwapita kwa karibu laki moja. Jina la jiji haliondoi matope ya mtaa wenu wa Langas. Wageni wanakuja Nakuru kuona ziwa. Kwenu wanapitia tu wakienda Uganda.

Mama alikuja huko kwa miezi miwili. Bondeni ameishi miaka arobaini na moja, tangu Baba akifanya kazi ya reli. Huku hahitaji macho. Kutoka mlangoni hadi dukani kwa Akoth anafika peke yake, ameshika ukuta, na kila mlango anaopita anasalimiwa kwa jina. Hapo kwako, orofa ya nne, anaenda wapi? Tafadhali mrudishe.

Mdogo wako,
Namalwa


Eldoret, 15 Septemba 2024

Namalwa,

U hali gani? Mama ni mzima, kikohozi kimepungua.

Unauliza anaenda wapi. Anatoka kitandani anaenda kwa kiti, na kutoka kwa kiti anaenda choo. Inatosha. Kila asubuhi ananiuliza, "Edinah, leo tunaenda nyumbani?" Namwambia, Mama, uko nyumbani.

Umeanza kulinganisha, basi nikukumbushe. Nilikuwa na miaka tisa nilipoletwa huku kwa shangazi, wewe ukabaki na Baba na Mama. Kila Desemba nikija, ulikuwa unaninusa mbele ya watoto wa ploti na kuwaambia, "Huyu ametoka kwa ng'ombe. Kwao hakuna taa." Wote wanacheka. Mama alikuwa hapo hapo anaosha vyombo, anasikia, na hakukunyamazisha hata siku moja. Nilikuwa nalala nikiomba huku kuote magorofa hata kumi tu, nipate la kukujibu.

Sasa nataka kitu kimoja. Andika kwa mkono wako kwamba Eldoret imeshinda Nakuru, na kwamba huko Bondeni hakuna kitu. Nitamsomea Mama, ajue ni wewe umesema. Nikimaliza kusoma nitampakia nguo nimlete mimi mwenyewe.

Dada yako,
Edinah


Nakuru, 6 Oktoba 2024

Edinah,

Sikuulizi hali. Nimeiona.

Jana nilikuja. Mlinzi wenu alipiga simu juu, kisha akaniambia kwa adabu kwamba amekatazwa kunifungulia. Nilisimama kwa geti hadi saa kumi. Nikamwona Mama kwa balcony, amekalishwa akiangalia ukuta wa jirani. Nilimwita. Aligeuza kichwa akinitafuta, lakini upande ambao sikuwa. Halafu mtu akamshika mkono akamrudisha ndani. Mkono huo naujua.

Hiyo barua yako siandiki. Na kwa kuwa unapenda ya zamani, chukua hili. Niliwahi kumwuliza Mama kwa nini ni wewe uliyepelekwa kwa shangazi. Alisema, "Mtu anatoa yule ambaye anaweza kukaa bila yeye." Kaa na jiji lako, ukae na hilo neno pia.

Namalwa


Nakuru, 24 Novemba 2024

Dada yangu mpendwa Edinah,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, na Mama pia. Wiki saba hujanijibu. Kiptum anasema anakupa barua unamwambia asante na kufunga mlango. Majirani huku wananiuliza kama Mama alikufa nikawaficha.

Yale ya Oktoba nilitunga. Mama hakusema hivyo, na mimi sikumwuliza. Nilitaka uumie kama nilivyoumia pale kwa geti. Nisamehe, dada.

Ulichotaka ni hiki hapa:

"Mama, ni mimi Namalwa. Eldoret ni kubwa kuliko Nakuru na inapendeza zaidi. Bondeni uliyoijua haipo. Akoth alifunga duka akahama, na wale wa laini yetu ya nyumba wengi wameondoka. Huku hakuna kitu tena. Edinah alikuwa anasema kweli."

Hayo ya Akoth ni uongo. Yupo, kila siku anamwulizia Mama. Nimeyaweka usije ukasema nimeandika nusunusu. Sasa mlete. Chumba chake nimekipiga rangi.

Mdogo wako,
Namalwa


Eldoret, 8 Desemba 2024

Namalwa,

Habari za siku nyingi? Sisi tuko.

Nimekusamehe ya Oktoba, kwa sababu nilimwuliza Mama mwenyewe. Alisema ulikuwa mgonjwa, alikuwa na hakika utakufa, akaona mimi nina nguvu nitaweza kuvumilia. Niliyangoja maneno hayo miaka thelathini na nne. Nilidhani yatanisaidia.

Barua yako nilimsomea jana baada ya chai. Begi lake lilikuwa tayari mlangoni, sikukudanganya. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Ni mkono wa Namalwa?" Nikamwambia ndiyo. Akanyoosha mkono, nikampa karatasi, akaipapasa kama anatafuta kitu.

Kisha akasema, "Basi nitolee hizo nguo kwa begi. Namalwa hawezi kunidanganya."

Nilimwambia gari la asubuhi nimeshalipia, twende hivyo hivyo. Amekataa. Leo hakuniuliza kama tunaenda nyumbani. Nilisubiri aulize, hadi chai ikapoa.

Dada yako,
Edinah


Nakuru, 14 Desemba 2024

Dada Edinah,

Sijalala tangu Kiptum aniletee barua yako. Wewe unajua niliyoyaandika ni uongo, nilikuambia hapo hapo. Mwambie. Akikataa kukuamini, msomee haya:

"Mama, ni Namalwa. Nilikudanganya. Duka la Akoth liko wazi, jana alinipa sukari akasema ni ya chai yako ukifika. Mama Jepleting wa kona bado anakaanga samaki, bado anagombana na mwenye ploti. Mlango wako ni ule ule. Niliandika vile ili urudi. Rudi, Mama, nakuomba."

Dada, msomee. Sitakuomba lingine maishani.

Mdogo wako,
Namalwa


Eldoret, 5 Januari 2025

Namalwa,

Heri ya mwaka mpya kwako na watoto. Mama ni mzima. Amenenepa kidogo.

Barua yako ilifika kabla ya Krismasi. Nilikaa karibu naye nikaifungua. Akasikia karatasi, akauliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya kanisani.

Jana usiku alikosa usingizi, akaniita nimpeleke kwa dirisha. Akaniuliza taa za mji zinafika wapi. Nikamweleza, nikamwonyesha kwa kidole chake. Alisikiliza hadi mwisho. Hakuna mtu wa Nakuru aliyewahi kuniuliza hilo.

Sitamsomea. Usimpe Kiptum barua nyingine, nimemwambia asipokee. Hicho chumba kipangishe.

Dada yako,
Edinah