Mafuta Uliyonitumia Kutoka New York

Santiago, Jumapili

Shangazi Eneida,

Sisi wazima, na kuku wa Bibi ametotoa. Chunusi zangu zinapona! Mama alinikataza soseji na jibini ya kukaanga, Bibi akanisugua ndimu, uso ukazidi kuwaka. Nikaapa kwamba siku ya sherehe yangu ya miaka kumi na tano sitoki chumbani.

Mama akanipeleka zahanati, na muuguzi aliniangalia mara moja tu. "We binti, mbona zimejaa hapa nywele zinapoanzia? Unapaka nini kichwani?"

Mama akanikanyaga mguu, nisikuaibishe wewe, wifi yake. Nikasema tu: "Mafuta ya Shangazi." Akasema ndiyo yanayoziba ngozi, niyaache.

Usininunie. Yalinukia vizuri mno, nikawa nayapaka kila siku. Sasa Bibi anayatumia kung'arishia viatu vyangu vya sherehe. Njoo unione nikicheza.

Mwanao,
Yokasta