Uliniuliza Habari za Mama

Alexandria, Marekani, 14 Novemba 2006

Dada Chepkoech,

Ni miaka sita tangu nitoke Kericho. Baridi imeanza, na bado naegesha magari hotelini.

Jumapili uliniuliza nitakuja lini kumwona mama. Nikaanza kukueleza mpira wa Wamarekani: timu yetu inashindwa kwa sababu wale wanene wanaomlinda mrushaji wameumia, na walioingia badala yao hawajazoeana. Ukasema, "Festus, hao wanene wako watapona. Mama hajui tena jina langu."

Nilikata simu, kisha nikasingizia laini mbovu. Naona aibu, dada. Nauli ninayo tangu Agosti. Niliogopa kuja asinijue, nikakuachia kumwosha na kumlisha peke yako.

Nitafika tarehe nane Desemba, anijue asinijue.

Ndugu yako,
Festus