Nimelamba jiwe la visigino vya shangazi

Mwenzangu, uko wapi? Nimeumbuka leo! Nimelamba jiwe la shangazi. Kwa ulimi wangu huu, mbele ya baba na mgeni!

Si unajua baba hataki nisome jiolojia? "Mawe hayaajiri mtu, soma uhasibu." Na kesho ndiyo mwisho wa kuchagua kozi! Basi leo kanipeleka kwa shangazi, kumbe amemwalika mama mmoja aliyesoma naye, mwanajiolojia wa kampuni ya kuchimba visima vya maji, eti anikatishe tamaa.

Mimi nikaona jiwe dirishani, jepesi, lina vitundu vitundu. Volkano hiyo! Nikalilamba, maana jiwe likilowa ndipo rangi yake inapojitokeza. Si ndivyo tulivyokuwa tukifanya kwenye klabu yetu shuleni?

Shangazi akapiga ukelele: "We mtoto! Hilo nasugulia visigino!"

VISIGINO, mwenzangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Yule mama alicheka mpaka machozi. "Huyu ni wetu! Kazini sote tunalamba. Visima tunaombwa kila kona, na sisi hatutoshi. Likizo aje nimfundishe kazi."

Baba akaaga, tukaondoka. Njia nzima nilijua nimekwisha.

Kufika getini kwetu, akainama, akaokota jiwe, akalipangusa kwenye shati, akaangaza huku na huku kama mwizi.

AKALILAMBA. Baba yangu!

Akatema mchanga, akaniuliza taratibu: "Na hili, lina ajira?"